Chungu Juu ya Mabati

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha tuendelee. Ninachosimulia kilinipata mimi mwenyewe, macho wazi, bila homa, na sikuwa nimeonja hata tone la kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mke wangu aliona. Mama yangu alisikia. Ukitilia shaka sisi watatu, panda kilimani kwetu, njia ile ya kutoka Sake kwenda Masisi, uulize nyumba ya mwalimu yenye nywele. Hata watoto watakuonyesha.

Nywele gani? Subiri.

Kwanza unijue. Katika visa vya namna hii nilivyosikia mimi, anayekutana na mambo ya ajabu ni mwindaji, au msafiri aliyevuka msitu wa Walikale peke yake na panga mkononi. Mimi nafundisha watoto hesabu. Nilisoma sekondari kwa mapadri, nikatoka huko na hati safi na chuki kubwa ya safari. Nikifika Sake tu nimeshaanza kukumbuka kitanda changu. Kwa hiyo amini ninaposema kwamba jambo hili sikulitafuta. Nilikuwa uani kwangu, na makubazi miguuni. Lilinifuata nyumbani kama kuku wa jirani.

Yote yalianza na paa la mama.

Mama yangu aliishi katika nyumba ya nyasi aliyojengewa na baba, ile ya mviringo ya watu wa zamani, na juu ya nyumba hiyo, kileleni kabisa, kulikuwa na chungu kimefunikwa kichwa chini. Baba jina lake Bauma. Mimi sikumwona. Alikuwa kijana, ameoa juzi, na mama ana mimba yangu, walipokuja kuita wanaume kwenda kupasua barabara ya wazungu kule Walikale. Nyumba ilikuwa imebakiza kitu kimoja tu. Kwetu zamani majirani walikusaidia yote, kusimika miti, kukandika udongo, kuezeka, lakini fundo la mwisho la nyasi, lile la kichwa cha nyumba, lilikuwa la mwenye nyumba mwenyewe. Anapanda, anafunga, anashuka, halafu mke anawasha moto wa kwanza ndani. Hapo ndipo nyumba inakuwa nyumba.

Baba hakuwahi kufunga. Walikuwa wanamngojea njiani. Alichukua chungu cha kupikia maharagwe, akapanda, akakipindua juu ya lile tundu ili mvua isiingie, akasema, "Nitafunga nikirudi." Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari wala nguo zake. Barabara ilipita, magari yakapita, wazungu wenyewe wakaondoka, na chungu kikabaki juu.

Nyasi zikioza, majirani walizibadilisha. Wakifika kileleni mama alisimama chini akipiga kelele, "Acha hapo! Shuka!" Nilipokuwa kijana na kifua changu kimejaa sekondari, nilimwambia, "Mama, mimi njo mwanaume wa hapa. Nitafunga."

Akanitazama kuanzia makubazi hadi miwani. "Weye uko mutoto ya nyumba," akasema. "Mwenye nyumba iko kwa njia."

Na mlango wake, sikia hili, mama hakuufunga kamwe. Baridi ya Masisi unaijua? Mama alilala na mlango wazi miaka yote, ukungu ukiingia na kutoka kama mtu wa nyumbani.

Basi nikaamua kujenga. Napenda kusema nilijenga kwa ajili ya kikohozi cha mama, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba rafiki yangu Anselme, fundi wa mbao, alikuwa ameezeka nyumba ya kaka yake kwa manjanja, yaani mabati yale ya Goma, na kila jua likitoka bati lile lilinipiga machoni nikisahihisha madaftari. Fujo za miaka ile zilikuwa zimetulia kidogo, watu wanarudi kwenye mashamba yao, kila mmoja anajenga upya. Nami nikasema, kwa nini si mimi?

Nyumba ikasimama. Matofali ya udongo, madirisha mawili ya mbao, sakafu ya simenti chumba cha wageni, chumba hicho mke wangu alikiita saloni akiwa na wageni na alikiita "mule ndani" tukiwa peke yetu. Vipimo vya paa nilivipiga mwenyewe. Nilimkataza Anselme asiguse. Hesabu ni kazi yangu, au siyo? Lori likaleta mabati, Anselme akapigilia upande huu, akapigilia upande ule, kisha akaketi juu ya mti wa paa, akachungulia chini, akaniita kwa adabu nyingi. Adabu ya Anselme ni dalili mbaya.

"Papa Mwalimu."

"Nini?"

"Ya kufunika mugongo iko wapi?"

"Mugongo gani?"

"Ya nyumba. Pale hii manjanja na ile wanakutana. Iko bati ya kukunja. Fetieri."

Sikuwa nimeiandika. Nilikuwa nimepiga hesabu ya pande mbili za paa, nikasahau mahali zinapokutana. Kati ya upande na upande kulibaki mwanya ulionyooka toka ukuta hadi ukuta, na anga likinitazama.

"Nyumba yako iko na pua," Anselme akasema. "Itapumua muzuri."

Tukaagiza Goma. Mvua zikakata njia. Tukakinga mwanya kwa turubai na mawe, ila katikati, pale juu kabisa ya saloni, upepo ulilichana turubai, nasi tukaweka sufuria sakafuni.

Masika hayo hayo nyumba ya mama ikalala upande mmoja akiwa kanisani. Tulilazimika kuibomoa. Mama hakulia. Alisema neno moja tu: "Ile chungu muiweke juu ya hii mupya."

Nikasema ndiyo. Unajua ile ndiyo ya mwanaume anayesoma gazeti. Chungu kikakaa chini kando ya ukuta, mke wangu akakiona kinafaa, akakitia majani makavu, kuku akaingia akataga. Na kusema kweli niliona haya. Mtu na mabati yake, na simenti, aweke chungu juu?

Mama hakuuliza mara ya pili. Alifanya jingine. Alihamishia mkeka wake jikoni, lile jiko la mianzi lililo karibu na njia, lisilo na mlango, nusu ukuta nusu upepo. Chumba nilichomtengenezea, na kitanda, na blanketi la Bukavu, hakukilalia hata siku moja. Kikohozi kikashuka kifuani. Muuguzi wa misheni alimsikiliza mgongo, akanivuta pembeni: "Mwalimu, mama alale ndani, pakavu. Akibaki kule jikoni hatamaliza masika."

Nilimbembeleza. Mke wangu alimbembeleza. Zawadi, binti yetu mdogo mwenye mwanya katikati ya meno ya mbele, alimvuta mkono. Mama akasema tu, "Ile nyumba siijue. Na mwenye kuitafuta hataijua."

Sasa fika karibu, maana ndipo tumefika kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa alasiri, shule imetoka, ukungu umeshuka mpaka hata mgomba ulio hatua chache kutoka mlangoni ulikuwa kivuli tu. Nilikuwa uani nikiutazama mwanya wangu kwa chuki. Nikasikia mtu anakohoa njiani kwa heshima, kama anayebisha hodi mahali pasipo mlango. Akatokea kijana. Kifua wazi, kitambaa kiunoni, begani fungu la nyasi za kuezekea, na kiunoni kamba za migomba zimeviringwa vizuri. Siku zile wageni walikuwa wengi njiani, kila mtu anatoka alikokimbilia. Sikushtuka.

"Papa, samahani," akasema. "Niko natafuta nyumba ya chungu."

"Nyumba ya nini?"

"Ya chungu. Iko chungu juu, kwa kichwa. Nimepita huku mara mingi, siioni."

Angalia nilivyo mjinga. Nilicheka. Nikamwambia, "Kijana, huku chungu tunapikia. Juu ya nyumba tunaweka manjanja."

Akainua macho kwenye paa langu, akarudi nyuma kidogo. "Hii iko nyumba ya muzungu?"

"Iko yangu."

"Ah. Uko karani."

"Mwalimu."

Akashusha fungu la nyasi kwa heshima, kama watu walivyofanya zamani mbele ya wakubwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Unatoka wapi?"

"Walikale, Papa. Kwa kazi ya barabara. Nilipita Buleusa, nikapanda." Akatazama huku na huku katika ukungu. "Muke wangu iko ananingojea. Nilimwambia narudi mbio. Nimekawia kidogo."

Nikamwelekeza misheni, juu, kwamba huko wanapokea wageni na watamjua mtu wake. Akanishukuru. Akabeba nyasi zake, akapita mbele ya jiko ambako mke wangu alikuwa akipepeta maharagwe, akamsalimu, na ukungu ukamfunga.

Jioni tulikula jikoni, kwa sababu mama hakutaka kula mahali pengine. Nikakitoa kisa kama kichekesho, nikiiga sauti ya kijana: nyumba ya chungu! Mke wangu akacheka, kisha akasema, "Ila ule kijana, umeona? Iko na meno ya Zawadi. Na ule mwanya, kabisa."

Mama akaweka tonge lake chini.

"Alikuwa na nyasi?"

"Fungu moja, Mama."

"Na kamba?"

"Kiunoni."

"Alikuwa amelowa?"

Hapo ndipo mwili wangu ulipoelewa kabla ya kichwa. Ukungu ule ulikuwa unadondoka kwenye migomba kama mvua. Koti langu lilikuwa zito kwa maji. Na yule kijana alikuwa na vumbi mabegani. Vumbi jekundu, kavu, la kiangazi.

"Hapana," nikasema. "Hakulowa."

"Na weye ulimwambia nini?"

"Nilimtuma misheni."

Mama alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mwenye nyumba anabisha," akasema, "na mutoto anamutuma kwa mapadri."

Akasimama, akatoka njiani na kile kifua chake kibovu, akaanza kuita. "Bauma! Bauma!" Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilitamka jina lile kwa sauti. Aliita kama msichana anavyoita ng'ambo ya bonde. Ukungu haukujibu. Kikohozi kikamwangusha magoti, nasi tukambeba hadi kwenye mkeka wake. Alipopata pumzi alisema, "Nilikuambia uweke chungu."

Asubuhi nilikwenda kwenye kile chungu. Kuku alikuwa ameatamia. Nilimweleza hali ilivyo, akanidonoa. Nilimhamisha na mayai yake yote hadi kikapuni, naye akaenda kwa matusi ambayo mwalimu hawezi kuyaandika. Kisha nikachukua ngazi. Anselme alitaka kupanda, nikakataa. Nilipanda mwenyewe, mimi ambaye nikisimama juu ya kiti kubadilisha kalenda mke wangu hunishika suruali. Bati lililia kila nilipohema. Nilifika katikati, pale turubai lilipochanika, nikakipindua chungu juu ya ule mwanya, nikakifunga kwa waya.

Kabla sijashuka, nusu ya kilima ilikuwa uani.

"Mwalimu, unapika juu ama chini?"

"Muache, anangojea maharagi ya mbinguni."

Anselme hakucheka. Alishika ngazi. "Shuka polepole," akasema, "tumbo kwa ukuta."

Tukangoja. Na unaujua ukungu wa Masisi, jinsi unavyokaa kwa watu kama shemeji asiye na haraka? Uligoma. Siku baada ya siku jua kali, anga safi, unaona hadi ziwa. Paa langu liking'aa, chungu kimekaa juu kama kofia ya mlevi, wapita njia wakisimama kushangaa. Na mama akififia pale jikoni. Alikuwa hali tena ila mchuzi. Kila asubuhi aliuliza, "Iko wazi?" Nikijibu ndiyo, anga iko wazi, aligeukia ukuta. Muuguzi alikuja akatikisa kichwa. Nilimwambia mke wangu, tumchukue kwa nguvu tumlaze ndani. Akanijibu, "Utamulaza mwili. Yeye mwenyewe atabaki hapa."

Halafu alasiri moja nikiwa nafagia ua, fagio likapotea mkononi mwangu. Nina maana sikuliona tena. Ukungu ulishuka wote mara moja, mweupe, kimya, na nikasikia mtu akikohoa njiani kwa heshima.

Niliganda. Hadithi zote nilizosoma zinasema mtu hukimbia. Mimi nyumbani kwangu nikimbilie wapi?

"Papa Mwalimu," akasema. Alikuwa yule yule, na nyasi zile zile, mbichi, kama amezikata sasa hivi. Alikuwa akitazama juu na meno yake yote nje. "Njo ile chungu yangu. Kumbe iko hapa! Nilipita, nilipita, nilikuwa nasema iko ya muzungu."

Nilimwonyesha ngazi.

Aliitikisa. "Ngazi yako haina nguvu."

"Nitashika," nikasema.

Nikaishika. Akapanda, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, maana hata paka akipita juu ya bati unamsikia hadi kanisani: yule kijana alitembea juu ya paa langu na bati halikulia. Nilisikia nyasi zikisuguana. Nilisikia kamba ikivutwa. Bati, hapana.

Akanisemesha kutoka juu, kama fundi anavyoongea na msaidizi wake.

"Papa Mwalimu, muke wangu alikuwa na mimba. Alizaa nini?"

"Mwanaume."

"Eeh! Iko muzima?"

"Muzima."

"Iko na akili?"

Ungejibu nini? "Kidogo," nikasema. "Alisoma."

"Na kujenga, anajua?"

"Kujenga, hapana."

Akacheka. Kicheko changu, kabisa, kile ambacho mke wangu anasema ni cha mbuzi aliyeona majani. Sikuwahi kujua nilikitoa wapi. "Haizuru," akasema. "Mukubwa ni mwenye kushika ngazi. Muambie ashike tu muzuri."

Nilikuwa na miaka zaidi ya yake. Nilikuwa na kitambi, na miwani, na mvi mbili tatu. Nilishika ngazi ya baba yangu na machozi yakinichuruzika hadi shingoni, na nilitaka kusema ni mimi, niko hapa, nami sikusema. Sijui kwa nini. Labda niliona haya kwamba nimezeeka kuliko yeye. Labda nilidhani anajua.

Ndipo nikamwona mama. Amesimama mlangoni mwa jiko, amejishika kwenye mianzi. Hakutoka mbio. Kwanza alifanya kitu ambacho nikikikumbuka hadi leo kinanifunga pumzi: alichukua kitambaa cha kanisani, akafunika kichwa chake cheupe chote, akakivuta hadi kwenye nyusi. Kisha akavuka ua polepole, akapita karibu yangu bila kunitazama, akaingia katika nyumba yangu mara ya kwanza tangu ijengwe. Nikamsikia akisimama katikati ya saloni, chini ya ule mwanya.

"Umekawia," mama akasema.

Juu, mikono ikatulia.

"Njia ilikuwa murefu," baba akajibu.

"Maharagi yalipoa."

"Nitakula vile vile."

Kisha baba akasema, kwa upole kabisa, "Sauti yako imekuwa nzito."

"Iko moshi."

"Ondoa kitambaa nikuone."

"Funga kwanza paa yako! Kila siku maneno, kazi haiishi."

Akacheka tena, na mama naye akacheka, na kicheko chake hakikuwa na kikohozi ndani. Kamba ikavutwa, mara ya mwisho, kwa nguvu. Nilisikia fundo likikaza kama unavyosikia mtu akikaza mshipi. Mwanga uliokuwa ukiingia saloni kwa juu ukafungwa.

"Washa," sauti ya juu ikasema.

Nilingoja ashuke. Nilishika ngazi kwa mikono miwili, uso juu. Hakuna mguu uliokuja. Mkono wangu ukaanza kuhisi kwamba ngazi ni nyepesi, kama ngazi iliyoegemezwa tu ukutani bila mtu. Nilipoangalia chini, chungu kilikuwa kizingitini, kimekaa wima, mdomo juu. Nani alikiweka? Waya wangu ulikuwa bado umekizunguka shingoni, haukukatwa.

Mke wangu alitoka jikoni, uso umepauka, akanishika mkono. Tukaingia pamoja. Mama alikuwa amepanga mawe matatu katikati ya sakafu yangu ya simenti, ile sakafu ambayo watoto walikatazwa kuikanyaga na viatu, na moto ulikuwa umeshika. Aliketi kando yake. Kitambaa kilikuwa mapajani, kichwa chake cheupe wazi.

Akatuhesabu kwa macho, mimi, mke wangu, Zawadi aliyeingia nyuma yetu, kisha akatazama mahali fulani upande wa pili wa moto ambako mimi sikuona mtu.

"Funga mulango," akasema. "Batu bote bameisha kuingia."

Nikaufunga. Katika maisha yangu ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama yangu nyuma ya mlango uliofungwa.

Alilala ndani. Aliamka akaomba maharagwe. Kikohozi kilimwacha kidogo kidogo kabla masika hayajaisha, na muuguzi akajisifu kwa dawa yake, nasi tukamwacha ajisifu. Kile chungu mama anakipikia hadi leo. Miaka yote ya mvua na jua hakina ufa. Jioni ni yeye anayezunguka kukomea mlango, na ole wako ukichelewa.

Je, aliwahi kumwona tena? Nilimuuliza. Akaniambia, "Muntu akiwa nyumbani kwake unamuona kwa nini? Unasikia tu kama iko." Mimi huwa sisikii kitu, ila usiku wa baridi kali, nikipita mbele ya chumba chake, nasikia kicheko cha mbuzi aliyeona majani, na mimi wakati huo sicheki.

Mabati ya kukunja yalifika na lori baadaye. Anselme alipanda kuyapigilia. Akafika katikati, akaketi, akakaa sana.

"Fundi, vipi?"

"Papa Mwalimu, hii fundo nani alifunga?"

"Mwenye nyumba."

Akashuka na mabati yake. Pande zote aliziba, pale katikati hakugusa. Mabati yaliyobaki yanafunika banda la kuku, na yule kuku wa chungu anatutazama akiwa humo kama mke wa mukubwa. Sufuria ya kukinga maji tuliitoa sakafuni. Pale kileleni halidondoki tone, na zile nyasi hazijaoza wala hazijageuka rangi. Zimesimama katikati ya bati kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Watu wa Sake wanazitolea utani sokoni. Sakafuni saloni kuna doa jeusi la moto ambalo hakuna brashi iliyoweza kuliondoa. Mgeni akiuliza, mke wangu anasema ni kazi ya mwalimu. Nakubali.

Sasa neno langu kwako, wewe uliyeagiza mabati Goma na kukunjua karatasi ya vipimo. Jenga. Nyumba ya nyasi inavuja, sikatai, na simenti ni kitu kizuri. Ila kabla ya kubomoa ya zamani, kaa chini na mkubwa wa nyumba umuulize nani bado yuko njiani, na atajuaje kwamba amefika. Akikutajia alama, hata ikiwa chungu, hata ikiwa mti unaokuzibia dirisha, iweke mahali anapoweza kuiona, uache watu wacheke. Na ikiwa jioni ya ukungu kijana mkavu atakuja kukuuliza njia, usimpeleke kwa mapadri haraka. Muangalie meno kwanza. Halafu ulete ngazi, uishike, na ukiwa na neno la kumwambia, umwambie kabla hajakaza fundo.

Mimi la kwangu ninalo bado.